Wayo wa Mkono na Wayo wa Mguu: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Nyayo za Theluji

Umetufikia mswada wa tafsiri ya Kiswahili ya mwongozo mdogo wa kutambua nyayo za wanyama pori juu ya theluji, hasa juu ya maziwa yaliyoganda. Mwongozo wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya shule zilizo kando ya Ziwa Superior, mpakani mwa Marekani na Kanada. Mfasiri ameukusudia kwa vijana wa familia zilizotoka Kongo na Burundi ambazo zimepata makao katika sehemu hizo, na ambazo lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili. Hatutamtaja mfasiri, wala hatutautaja mswada kwa jina lake, kwa kuwa haujachapishwa na yumkini utarekebishwa. Lakini matatizo yaliyomo si ya mtu mmoja. Kila afasiriye maandishi ya elimu ya viumbe hukutana nayo, na njia alizozitumia mfasiri huyu kuyakwepa ni zile zile tuzionazo katika tafsiri nyingi ziwafikiazo walimu na maofisa wa serikali. Ndiyo sababu twaona yafaa kuyajadili hadharani.

Huenda msomaji akauliza: wasanifu wa lugha ya nchi za joto wana shughuli gani na theluji? Jibu la kwanza ni kwamba Kiswahili sasa kinasemwa mahali ambapo ziwa huganda kila mwaka, na watoto wanaokisema huvuka maziwa hayo kwa miguu. Jibu la pili ni kwamba elimu ya kusoma nyayo si ngeni kwetu. Wasasi wa Afrika wameisoma tangu kale juu ya vumbi, matope na mchanga, na utaratibu wa kuwapima wafuata nyayo ulioanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990 leo unatumika pia Amerika ya Kaskazini, juu ya theluji. Kilicho kigeni ni ardhi inayokanyagwa tu; mengine yote yana wenyewe huku.

Katika dibaji yake mfasiri analalamika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Hapo ndipo tunapotofautiana naye. Maneno yapo, ila hayakutafutwa yalipo. Mfasiri ameyatafuta katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akapata neno moja la jumla kwa kila jambo, akatosheka nalo. Laiti angalikwenda buchani, jikoni, na kwa mwenye punda, angalirudi na mkoba umejaa.

Tuanze na buchani, maana ndipo lilipo kosa kubwa kupita yote.

Sungura wa nchi zile, yule ambaye manyoya yake hugeuka meupe wakati wa baridi, ana miguu ya nyuma mirefu na mipana sana. Arukapo, miguu ya mbele hutua kwanza. Kisha ile ya nyuma huipita kwa nje na kutua mbele yake, tayari kwa mruko mwingine. Kwa hiyo katika kila kundi la alama nne, zile mbili kubwa ziko mbele na zile mbili ndogo ziko nyuma, na mnyama amekwenda upande wa zile kubwa. Jambo hili huwapoteza wanafunzi wote wa mwanzo, wa lugha yo yote, kwa sababu macho huyadhania madogo kuwa ndiyo yaliyotangulia. Mwongozo wa Kiingereza unalieleza kwa uangalifu na mchoro juu yake.

Mswada wa Kiswahili unasema "nyayo za mbele". Mara nyayo za mbele ni zile zilizopigwa na miguu ya mbele; mara ni zile zilizolala mbele katika theluji. Katika aya moja nyayo za mbele ni ndogo, na mistari mitatu baadaye nyayo za mbele ni kubwa. Msomaji makini atadhani pana kosa la chapa. Msomaji asiye makini atamfuata sungura kinyume, atokako badala ya aendako. Kwa sungura hasara ni ndogo. Lakini kitabu cha nyayo kisichoweza kusema mnyama amekwenda wapi kimeshindwa kazi yake ya kwanza.

Sasa, mwendee muuza nyama ye yote wa Kariakoo, umwombe mkono wa mbuzi. Hatakuuliza unakusudia nini. Atakukatia mguu wa mbele, kwa kuwa kwake mnyama ana mikono miwili na miguu miwili, na bei zake si lazima ziwe sawa. Basi alama ya mguu wa mbele ni wayo wa mkono, na alama ya mguu wa nyuma ni wayo wa mguu. Maneno "mbele" na "nyuma" yanabaki huru kutaja mahali alama zilipo. Sentensi iliyomshinda mfasiri katika aya nzima yaandikika kwa mstari mmoja: sungura arukapo, nyayo za miguu huwa mbele ya nyayo za mikono.

Wapo watakaosema kwamba mkono ni wa binadamu. Hao hawajasikia mkono wa tembo, wala mkono wa shati.

Faida ya istilahi hizi haiishii kwa sungura. Kwa mnyama wa jamii ya mbwa, wayo wa mkono ndio mkubwa kuliko wayo wa mguu, kinyume kabisa cha sungura. Na mwanafunzi aliyekariri kwamba "za mbele ni ndogo" atakwama papo hapo. Tena yupo mbweha, ambaye katika mwendo wake wa kawaida huweka mguu pale pale ulipotoka mkono, hata msururu wake wote ukaonekana kama wa kiumbe chenye miguu miwili aliyepita kwa mstari ulionyooka. Mswada unasema kwamba mguu wa nyuma wa mbweha "huingia katika mguu wake wa mbele". Tulicheka, kisha tukasikitika. Semeni: mguu hukanyagia wayo wa mkono. Lugha imekwisha toa kitenzi kukanyagia, hakihitaji kuundwa.

Tumetumia neno msururu, nalo latupeleka kwenye jambo la pili. Kiingereza cha vitabu hivi hutofautisha alama moja, alama nyingi za mnyama mmoja zilizofuatana, na njia ipitwayo mara kwa mara. Mswada unayaita yote matatu nyayo. Kwa kweli neno hili limepatwa na mambo. Umoja wake wa asili, wayo, umefifia katika maandishi ya siku hizi, na unyayo umeelekea zaidi kuwa sehemu ya mguu. Huku wingi wake, nyayo, ukibeba mzigo wote, hata wa siasa, kama ilivyokuwa Kenya kuanzia mwaka 1978 wakati Rais Moi alipolifanya kuwa jina la falsafa ya utawala wake. Kwa mwandishi wa habari haidhuru. Kwa mfuata nyayo inadhuru sana. Twapendekeza wayo urudishwe kazini kwa alama moja. Msururu wa nyayo, au msururu tu, kwa zile zilizofuatana. Na mapito kwa njia iliyozoewa na wanyama, neno ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa shamba.

Umuhimu wa tofauti hii waonekana vizuri katika habari za Isle Royale, kisiwa kilichomo ndani ya Ziwa Superior, ambazo mwongozo umezitolea sura nzima. Mbwa mwitu wa nchi zile walifika kisiwani humo mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa kutembea juu ya ziwa lililoganda. Tangu mwaka 1958 wataalamu wamekuwa wakiwachunguza pamoja na wale wanyama wakubwa wenye pembe pana wanaowala, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo hufanywa wakati wa baridi kwa ndege ndogo: rubani huutafuta msururu juu ya theluji, huufuata toka juu, hata awakute wanyama wenyewe au mzoga waliouacha. Katika theluji ya kina mbwa mwitu hufuatana mmoja nyuma ya mwenziwe, kila mmoja akikanyagia nyayo za aliyetangulia, kwa kuwa njia iliyokwisha kanyagwa haichoshi. Atazamaye huona msururu mmoja. Wafikapo ziwani, ambako upepo umeishindilia theluji ikawa ngumu, hutawanyika, na ule msururu mmoja hugawanyika ukawa minne, mitano au zaidi. Hapo ndipo huhesabiwa. Ziwa, kwa maneno mengine, ndilo daftari la mahesabu.

Jaribuni kuisimulia habari hiyo kwa neno nyayo peke yake. Mswada umejaribu, na matokeo ni kwamba "nyayo hugawanyika zikawa nyayo nyingi", maneno ambayo hayamwambii mtu kitu. Na hesabu yenyewe ilikuwa na uzito. Kufikia mwaka 2018 walikuwa wamebaki mbwa mwitu wawili tu kisiwani, kwa kuwa siku hizi ziwa haligandi kwa kutegemeka kama zamani na wageni hawafiki. Ikabidi serikali ya Marekani iwahamishie huko wengine 19 kati ya mwaka 2018 na 2019. Mmoja wao, aliyeletwa kutoka Minnesota, alirudi bara mapema mwaka 2019 kwa miguu yake juu ya barafu. Barafu hiyo iunganishayo kisiwa na bara mfasiri ameiita daraja la barafu. Hatuna ugomvi na neno hilo, mradi aeleze mara moja kwamba halikujengwa na mtu. Ugomvi wetu ni kwamba nchi yote ya huko ameiita Maziwa Makuu bila nyongeza yo yote, na kijana aliyezaliwa Uvira au Bujumbura anayajua Maziwa Makuu mengine.

Kuhusu mwendo wa wanyama tutasema kwa ufupi, ingawa hapo mswada umepotoka zaidi kuliko mahali pengine kwa idadi ya makosa. Mwongozo unataja namna nne za mwendo, kwa kuwa kila namna hupanga nyayo kwa mpango wake. Mfasiri anazo mbili: kutembea na kukimbia. Baina yake ameweka "kukimbia polepole" na "kukimbia kidogo". Watu wa mwambao waliofuga farasi na punda hawakuwa maskini hivyo. Mnyama huenda telki, yaani mwendo wa miguu ulio mwepesi. Huenda matiti, na hapo mwili huyumba kidogo, mkono wa upande huu ukitoka pamoja na mguu wa upande ule. Huenda shoti, akaitupa miguu yote kwa pamoja. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, na tunavyoona hayajafa, yamelala tu kwa kukosa kazi. Mbwa mwitu avukaye ziwa huenda matiti karibu safari yote. Sungura haendi matiti kamwe. Yeye ni wa kuruka. Kwa istilahi tatu na kitenzi kimoja sura nzima ya mwendo ingesomeka.

Pamoja na hayo mfasiri angalie neno hatua. Kiingereza cha fani hii hupima toka wayo wa kulia hadi wayo wa kulia unaofuata, wakati hatua ya Kiswahili ni toka kulia hadi kushoto. Mswada umeandika hatua na kuacha vipimo vilevile, hivyo kila mnyama amepata hatua maradufu ya ile aliyopewa na Mungu. Aandike hatua mbili, basi.

Tufike sasa kwenye theluji yenyewe. Hapa tunamhurumia mfasiri, maana maneno mawili tuliyo nayo yameingia kwetu yakiwa yamekwisha changanyika. Barafu asili yake ni barf la Kiajemi, ambalo kwao ni theluji. Theluji asili yake ni thalj la Kiarabu, ambalo hutumika kwa theluji na kwa barafu pia. Huku pwani barafu ilijulikana kwanza kama kitu kitokacho kiwandani, cha kuwekea samaki na kupozea kinywaji, na leo mtoto wa mjini huijua pia kama juisi iliyogandishwa ndani ya kimfuko. Wapandao Mlima Kilimanjaro hulala katika kambi iitwayo Barafu. Katika mazungumzo, basi, hakuna ubaya mtu akilitumia lolote. Lakini katika kitabu kisemacho habari za mtu kusimama juu ya ziwa, lazima mpaka uwekwe na uchungwe: theluji ni ile iangukayo kutoka mawinguni na kulala juu, barafu ni maji yaliyoganda, yaliyo chini yake na yanayombeba mtu.

Mswada hauuchungi mpaka huo, na kwa kosa hili hatuwezi kuwa wapole. Mwongozo unaonya kwamba barafu mpya iliyo angavu yahitaji unene wa kiasi cha sentimita 10 ili imbebe mtu aendaye kwa miguu, na kwamba barafu nyeupe, ile iliyotokana na theluji iliyolowa kisha ikaganda, haihesabiwi kuwa na nguvu zaidi ya nusu ya ile angavu. Mfasiri ameiita hii ya pili "theluji ngumu". Msomaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba anaambiwa habari za kitu kilicho juu ya barafu, si habari za barafu yenyewe, naye atapima unene wote kwa pamoja na kujiona yu salama. Tena mwongozo unasema wazi kwamba msururu wa mbweha uliovuka ziwa si ushahidi kwamba ziwa linapitika: mbweha hana uzito wa zaidi ya kilo chache, naye mtu ana makumi. Maneno hayo hayamo kabisa katika mswada. Pengine yaliachwa kwa bahati mbaya. Yarudishwe, tena mwanzoni mwa kitabu. Istilahi tunazopendekeza ni barafu angavu na barafu nyeupe; ni za maneno ya kila siku, na mtoto huziona kwa macho akiufukua theluji kwa mkono.

Kwa hali nyingine za theluji, mfasiri amejaza mswada vielezi virefu: "theluji iliyo laini kama vumbi", "theluji iliyo ngumu kwa juu na laini kwa ndani", "theluji iliyochanganyika na maji". Ni maelezo, si istilahi. Mtu hawezi kuyarudia mara thelathini katika sura moja. Aingie jikoni. Theluji kavu iliyoanguka karibuni, isiyoshikana, ni theluji ya unga. Ile ambayo jua limeiyeyusha juu na baridi ya usiku ikaigandisha tena imefanya ukoko, kama wali chunguni. Ile iliyolowa maji ni rojo. Barafu nyembamba ya mwanzo wa msimu, inayoonekana juu ya maji kama juu ya maziwa yaliyopoa, ni utando. Tumejaribu maneno haya kwa watu kadhaa ambao hawajaiona theluji maishani, na hakuna aliyeuliza maana. Kwa ile iotayo kama chumvi juu ya barafu katika asubuhi tulivu, wafasiri wa Biblia walikwisha tupa sakitu, na hapana haja ya "umande ulioganda".

Maneno haya si pambo. Juu ya ukoko sungura hupita akiacha mikwaruzo ya makucha tu, hali mnyama mzito huuvunja na kuzama hata tumboni. Ndiyo sababu mbwa mwitu hufanikiwa zaidi ukoko unapokuwa imara. Katika unga wayo hubomoka na kujifukia, na hapo mfuata nyayo huacha kutazama umbo la wayo akapima msururu. Rojo ina ubaya wake peke yake: theluji nyingi huilemea barafu, maji hupanda kwa nyufa na kukaa chini ya theluji pasipo kuonekana, na wayo uliokuwa mweupe hugeuka wa kijivu. Aonaye nyayo zimegeuka rangi hivyo ajue anakanyaga nini.

Lipo jambo moja la ziwani ambalo mfasiri hakulielewa kabisa, na pengine ni kwa sababu neno alilolichagua lilimziba macho. Kila mahali ambapo Kiingereza kinataja alama, ameandika "shimo la mguu". Juu ya ziwa upepo hauna kizuizi. Theluji iliyokanyagwa imeshindiliwa. Isiyokanyagwa ni unga. Upepo uvumapo huupeperusha unga wote na kuacha ile iliyoshindiliwa, hata kila wayo ukabaki umeinuka juu ya barafu kama kigingi kifupi. Kuna michoro miwili ya nyayo za namna hiyo katika mwongozo. Mswada unaieleza kuwa ni michoro ya "mashimo yaliyoinuka". Wayo hausemi kama umedidimia au umeinuka. Ndiyo faida yake. Tuseme wayo wa kudidimia na wayo wa kuinuka, na shimo tulihifadhi kwa ajili ya shimo, kwa mfano lile ambalo fisi maji hutokea.

Fisi maji ndiye mwenyeji halisi wa ziwa lililoganda, na mswada umempa jina lake sawasawa, jambo la kupongezwa. Huyu akisafiri juu ya theluji huruka mara kadhaa, kisha hujilaza kwa tumbo akateleza, kisha huruka tena; akaacha nyayo chache, mfereji laini, nyayo chache, mfereji. Hakuna mnyama mwingine wa huko mwenye mwandiko huo. Mfasiri ameuita mfereji "alama ya kuburuzwa". Hapa sarufi yenyewe inapotosha. Kilichoburuzwa kina mburuzaji, na msomaji ataanza kumtafuta: ni mbweha aliyebeba windo? ni mtu aliyevuta gogo? Fisi maji hakuburuzwa na mtu. Ameserereka. Alama yake na iitwe mserereko, na mburuzo ubaki kwa windo livutwalo. Tofauti ya kauli katika kitenzi ni tofauti ya kisa kizima kilichotukia juu ya theluji usiku.

Kadhalika sehemu za wayo. Mfasiri anaandika kisigino kwa ile nyama kubwa iliyo nyuma ya vidole. Mbwa na paka husimama kwa vidole. Kisigino chao kiko juu, pale ambapo mguu wa nyuma hukunjika, nacho hakigusi theluji ila mnyama aketipo. Kitanga chatosha. Tena panapo sungura aliyeketi, ambaye kweli hukalia visigino, istilahi sahihi itakuwa haijachukuliwa na kitu kingine.

Majina ya wanyama tumeyaweka karibu na mwisho kwa kuwa ndiyo yatakayoleta ubishi. Mbwa mwitu katika Biblia zetu ni yule wa Ulaya na Asia, mwindaji wa kondoo. Katika mbuga zetu ni mnyama mwingine, mwenye madoadoa na masikio ya duara, ambaye mkono wake una vidole vinne tu, hali wenzake wa jamii ya mbwa wana cha tano kilicho juu. Na mambo yamezidi kutatanika tangu mwaka 2015, ambapo uchunguzi wa nasaba ulionyesha kwamba bweha wa rangi ya dhahabu wa Afrika ni wa spishi yake peke yake, aliye karibu zaidi na mbwa mwitu wa kaskazini kuliko ilivyodhaniwa. Mfasiri ameandika mbwa mwitu pasipo kusema lolote. Rai yetu ni kwamba aandike mbwa mwitu wa kaskazini katika kila kichwa cha sura na kila maelezo ya mchoro, na penginepo mbwa mwitu tu. Mbweha mwekundu hana matata. Ila yampasa aweke vipimo vyao karibu karibu: wayo wa mbwa mwitu huwa na urefu wa sentimita 10 hadi 13 hivi, wa mbweha yapata nusu yake. Jua la mwezi wa Machi huyeyusha kingo za wayo na kuupanua, na mbweha wa jana huwa mbwa mwitu wa leo machoni pa mwenye haraka.

Kwa yule paka wa theluji mwenye vishungi masikioni, mswada una "paka mkubwa" ukurasa mmoja na "linksi" ukurasa wa pili. Sisi twapendelea simbamangu wa kaskazini. Tunajua kwamba wenye elimu ya viumbe hawawaweki hao wawili katika jenasi moja. Lakini simbamangu mwenyewe si simba, na fisi maji si fisi. Hiyo ndiyo desturi ya Kiswahili ya kuita kwa mfano, na msomaji akumbukaye masikio ya simbamangu atamjua huyu mara moja. Wayo wake ni wa duara, hauna alama za makucha kwa kuwa huyaficha, na kingo zake hazionekani vizuri kwa sababu ya manyoya mengi ya kitangani. Ukubwa wake hukaribia wa mbwa mwitu, lakini mwenyewe ana kiasi cha kilo 10 tu, kwa hiyo hauzami. Wayo mkubwa usiozama ndiyo dalili.

Amebaki yule mwenye pembe pana, kipenzi cha mbwa mwitu wa Isle Royale. Mfasiri amemwita kulungu mkubwa. Kulungu wetu ni mdogo, wa vichakani, na huyu ana kimo cha farasi. Akipita katika theluji ya kina huacha alama ya kwato mbili ndefu na, nyuma yake, alama za vikwato vidogo viwili ambavyo kwa kawaida haviguzi chini. Kumwita kwa mfano kumeshindikana, basi itabidi kutohoa. Tatizo ni kwamba Waingereza wa Ulaya humwita kwa jina ambalo Wamarekani wamempa mnyama mwingine wa jamii hiyo hiyo, aishiye bara lile lile. Tukitohoa elki, msomaji wa Minnesota na msomaji wa Ufini hawatakuwa na mnyama mmoja vichwani mwao. Tukitohoa musi, yule wa Ufini atauliza ni nani. Kwa sasa twaegemea musi, kwa sababu kitabu hiki ni cha Ziwa Superior. Walimu wanaofundisha watoto wa Kiswahili katika nchi hizo, ikiwa wamekwisha lisikia jina lililozoeleka kwa watoto wenyewe, watuletee pamoja na mfano wa sentensi ambamo limetumika.